Risasi ya .22 "ya kimya": kwa nini boksi lile lile lilipasua Januari likanyamaza Julai

Januari mwaka juzi nilikuwa shambani kwa mzee jirani yangu huku Minnesota, Marekani, nyuzi 22 chini ya sifuri, pumzi ikitoka puani unaiona kama moshi wa jiko la kuni. Mzee ana bunduki ndogo ya .22 (yaani risasi yake ina kipenyo cha karibu inchi 0.22), ya bolti ya kuvuta kwa mkono, mbele ameifunga sailensa, kile kibomba cha kupunguza mlio, na mimi nilikuwa nimeleta boksi la risasi ambalo muuzaji dukani aliniapia kwamba ni sabsoniki, yaani zinakwenda chini ya mwendo wa sauti, kwa hiyo hazina kelele. Nikazitoa mfukoni kwenye koti bado zina joto la mwili wangu, tukaweka kibao mbele ya tuta la udongo kama mita 40. Ta! Mpasuko mkali kama mtu kavunja ubao mkavu gotini. Ya pili, ta tena. Ya tatu ikatoka pole, tukasikia tu kibao kikigongwa, halafu ya nne ikapasua kama zile za mwanzo. Mzee akadhani sailensa imelegea, akaifungua akaifunga upya, haikusaidia kitu.

Julai tukarudia. Bunduki ile ile, sailensa ile ile, risasi zilizobaki kwenye boksi lile lile, jua linachoma, nyuzi 30. Zote zikatoka laini, kama mtu anapiga kofi mto wa kulalia. Hapo ndipo nilipoamua kulifuatilia hili jambo mpaka nilielewe, na wiki iliyopita binamu yangu wa Tanga aliponitumia voisi akiuliza "hivi hizo risasi za kimya ndio zile za kwenye sinema?" nikaona bora niandike yote mahali pamoja, maana majibu ya nusu nusu ndiyo yaliyonipotosha mimi mwanzoni.

Shida kubwa ni hilo neno kimya lenyewe. Bunduki haina kelele moja, ina kelele kama nne tofauti zinazotokea karibu kwa wakati mmoja, sikio letu linazisikia kama kitu kimoja, paa! na basi, halafu tunatafuta dawa moja ya kuzitibu zote. Ya kwanza ni mlipuko wa mdomoni mwa mtutu, ile gesi ya moto iliyokuwa imebanwa nyuma ya risasi, ikifika mwisho wa mtutu inafumuka kwa ghafla kama kizibo cha soda iliyotikiswa ila mara nyingi zaidi. Ya pili ni mpasuko wa risasi yenyewe ikikata hewa. Ya tatu ni vyuma vya bunduki, pini inagonga, bolti inarudi nyuma, ganda linaruka. Ya nne ni risasi kufika inakokwenda. Kila moja ina sababu yake na dawa yake, na neno sabsoniki kwenye boksi linahusu ile ya pili tu. Basi. Halikuahidi chochote kuhusu zile nyingine tatu, na muuzaji wangu (simlaumu sana, wengi wanasema hivyo) alichanganya mwendo na sauti.

Tuanze na huo mpasuko kwa sababu ndio wenye utata. Aliyekulia pwani atanielewa haraka. Angalia ngalawa ikienda polepole, viwimbi inavyovisukuma vinatangulia mbele ya omo na kusambaa pande zote, vina muda wa kuikimbia. Sasa ngalawa ikishika upepo ikaenda kasi kuliko vile viwimbi, vinashindwa kutangulia, vinajikusanya ubavuni na kutengeneza ile V ndefu inayofuata chombo, na ukiwa umesimama majini ukapitiwa na ile V unapigwa na wimbi moja kubwa badala ya viwimbi vingi vidogo. Hewa nayo iko hivyo hivyo. Kitu kinachokwenda chini ya mwendo wa sauti kinaisukuma hewa na hewa inapata muda wa kupisha. Kikizidi mwendo wa sauti hewa inajikusanya kuwa ukuta mwembamba wa mgandamizo, na huo ukuta ukipita sikioni ndio unasikia ta! Mjeledi ukipasua angani ni jambo hilo hilo, ncha yake inazidi mwendo wa sauti kwa nukta moja.

Na kitu ambacho watu wengi wanakikosa ni kwamba huo mpasuko hautokei mdomoni mwa mtutu. Unaandamana na risasi njia nzima, kama ile V inavyoandamana na ngalawa, mpaka risasi ipungue mwendo ikashuka chini ya mwendo wa sauti. Ndiyo maana sailensa haiwezi kuugusa hata kidogo. Sailensa iko mwisho wa mtutu, inashughulika na gesi, na risasi ikishatoka pale imeshatoka, kelele inayofanya huko mbele sailensa haina habari nayo.

Sasa mwendo wa sauti wenyewe ni kiasi gani? Watu wanakariri namba moja, mita 343 kwa sekunde, na namba hiyo ni sahihi hewa ikiwa nyuzi 20. Lakini unabadilika na joto. Kwa nyuzi sifuri ni mita 331. Kila nyuzi moja ikipanda unaongezeka kama mita 0.6, kwa hiyo mchana wa nyuzi 30 unafika 349 hivi, na ile asubuhi yetu ya nyuzi 22 chini ya sifuri ulikuwa kama 318. Boksi langu liliandikwa futi 1,070 kwa sekunde, ukipiga hesabu ni mita 326. Unaona sasa. Julai risasi ya 326 iko chini sana ya 349, haina mpasuko. Januari risasi ile ile ya 326 imeizidi 318, imekuwa supasoniki, yaani juu ya mwendo wa sauti, bila kubadilika chochote, ni hewa ndiyo imeiteremkia. Na ile ya tatu iliyotoka pole ni kwa sababu hakuna boksi ambalo risasi zake zote zina mwendo mmoja, zinapishana futi kadhaa kila moja, ukiwa karibu na mpaka basi nyingine zinavuka na nyingine hazivuki.

Kuna kakitu kengine kalichotuponza, nacho ni mfuko wa koti. Baruti ikiwa baridi inaungua kwa nguvu kidogo chini, kwa hiyo kama risasi zingelala nje usiku kucha na zenyewe zingepungua mwendo pamoja na sauti, pengine zingebaki upande salama. Mimi nilizipasha moto kifuani halafu nikazifyatulia kwenye hewa ya barafu, yaani nilichukua risasi ya majira ya joto nikaipeleka kwenye hewa ya majira ya baridi. Hili nililielewa baadaye sana.

Watu wa kwetu huwa wananiuliza kuhusu mwinuko, kwamba Nairobi au Arusha iko juu hewa ni nyepesi, je mpaka unabadilika? Hewa kuwa nyepesi peke yake haibadilishi mwendo wa sauti, kinachobadilisha ni joto. Nairobi asubuhi ya baridi mpaka uko chini kuliko Tanga mchana kwa sababu Nairobi kuna baridi, na sio kwa sababu iko juu.

Turudi kidogo nyuma kwenye risasi yenyewe maana bila kuijua haya mengine yanaelea. Hii familia inaitwa rimfaya, na jina linatokana na ule ukingo uliotokeza chini ya ganda. Kwenye risasi kubwa za bunduki za kuwindia au za jeshi kuna kitufe kidogo katikati ya kitako chenye dawa ya kuwashia, pini inagonga pale. Kwenye rimfaya hakuna kitufe, dawa ya kuwashia imezungushwa ndani ya ule ukingo pande zote, pini inaminya ukingo popote na moto unawaka. Ili ukingo uminyike lazima shaba iwe nyembamba, na shaba nyembamba haihimili presha kubwa, ndiyo maana rimfaya zimebaki kuwa risasi ndogo za nguvu ya wastani na ganda likishatumika huwezi kulijaza upya. Ile ya zamani kabisa kwa Marekani ni .22 fupi ya Smith & Wesson ya mwaka 1857, halafu hii tunayoizungumzia, .22 Long Rifle, ikatoka 1887 kwenye kampuni ya J. Stevens. Kichwa chake cha risasi ya kawaida ni cha greini 40, yaani gramu 2.6, kidogo kuliko njugu. Hiyo ndiyo risasi inayofyatuliwa kuliko zote duniani nadhani, kwa sababu ni rahisi bei na haipigi bega.

Na jambo ambalo linanivutia ni kwamba mwendo wa chini ndio wa asili. Zile .22 za mwanzo zilikuwa za mwendo huu ambao leo wanauita wa kawaida, futi elfu moja na kidogo, halafu kwenye miaka ya 1930 ndipo viwanda vikaanza kushindana kwa zile za kasi. Leo Mini-Mag ya greini 40 ya kampuni ya CCI inatoka kwa futi 1,235, mita 376, na Stinger ya kampuni hiyo hiyo yenye kichwa chepesi cha greini 32 inakwenda futi 1,640, mita 500. Hizo ni supasoniki popote duniani, Tanga au Minnesota, na ukiweka sailensa mpasuko uko pale pale. Kwa hiyo anayenunua sabsoniki leo kwa kweli anarudi alikotoka babu.

Watu wa kulenga shabaha wenyewe hawakuwahi kuondoka huko. Risasi za mashindano ya mita 50, kama Eley Tenex inayotengenezwa Birmingham, Uingereza, ziko kwenye futi 1,085 hivi, na hakuna mtu kule anayejali kelele, wote wamevaa vizibo vya masikio. Wanachotafuta ni utulivu wa risasi angani. Karibu na mwendo wa sauti upinzani wa hewa unapanda ghafla sana, na risasi inayoanza juu ya mpaka halafu ikavuka kushuka njiani inayumbishwa pale inapovuka, sasa kwa nini ujitie kwenye misukosuko hiyo wakati unaweza kuanza chini ya mpaka tangu mwanzo na ukabaki huko. Halafu kuna hili la upepo ambalo mtu ukimwambia mara ya kwanza anakataa: .22 ya kasi inasukumwa na upepo wa ubavuni zaidi kuliko ile ya mwendo wa kawaida kwenye mita 100. Akili inasema ya kasi inafika mapema kwa hiyo upepo una muda mdogo wa kuisukuma, lakini upepo haupimwi kwa muda wa safari tu, unapimwa kwa muda ambao risasi inapoteza njiani ikilinganishwa na kama ingesafiri bila hewa, na ile ya kasi inapoteza sana kwa sababu inapigana na ule upinzani mkubwa wa pale mpakani. Nilibisha mwenyewe mpaka nikaona karatasi.

Wachezaji wa biathloni, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, wanatumia .22 tangu 1978 na wao ndio wanaishi kwenye baridi hiyo ninayoisema, mita 50, kitundu cha milimita 45 ukiwa umelala, kwa hiyo wao habari ya risasi na joto wanaichukulia kwa uzito wote, wanapima boksi kwa boksi kwenye vyumba vya baridi kabla ya msimu.

Basi tuseme umeshauondoa mpasuko, risasi iko chini ya mpaka. Kinachobaki ni mlipuko wa mdomoni, na hapa ndipo mtutu mrefu na sailensa vinapoingia. Baruti ya .22 ni kidogo mno, kwenye mtutu wa inchi 16 hivi kazi yake kubwa imeshakwisha, kwa hiyo mtutu wa inchi 24 au 26 unaipa gesi nafasi ya kutanuka na kupoa kabla ya kutoka nje, ikitoka imeshachoka. Bastola ya .22 yenye kamtutu ka inchi 4 ni kinyume, gesi inatoka bado ina hasira, na ndiyo maana bastola ndogo inaumiza masikio kuliko bunduki ndefu ingawa risasi ni ile ile. Tena utaona ajabu: kwenye hiyo bastola risasi ya "kasi kubwa" inaweza kabisa isifike mwendo wa sauti kwa sababu mtutu ni mfupi, haina mpasuko, lakini kelele yake ya mdomoni ni kubwa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa kwenye mtutu wa kupimia wa kiwandani, wako unaweza kutoa zaidi au pungufu.

Sailensa ni ule mtutu mrefu umefupishwa kwa akili, vyumba vya ndani vinaipokea gesi, vinaizungusha, vinaipoza, inatoka kidogo kidogo. Hiram Percy Maxim alipata hati ya ubunifu wake Marekani mwaka 1909 na yeye ndiye aliyeiita jina hilo la kunyamazisha, na jina limetudanganya mpaka leo kwa sababu hainyamazishi, inapunguza. Marekani inasimamiwa na sheria ya shirikisho ya 1934, ilikuwa na kodi ya dola 200 ambayo tangu Januari 2026 imekuwa sifuri lakini kuisajili bado ni lazima, na hapa Minnesota ilikuwa marufuku mpaka 2015. Kila nchi ina yake, usichukue maelezo ya Minnesota ukayapeleka kwenu, ulizia polisi wanaoshughulika na leseni za silaha kabla ya kugusa chochote. Tanzania silaha na risasi ziko chini ya sheria ya 2015 na haina mchezo.

Kuna kundi la tatu ambalo ni zaidi ya sabsoniki, nalo ndilo linaloitwa za kimya hasa. CCI wana moja inaitwa Quiet-22, kichwa cha greini 40 kama kawaida lakini baruti kiduchu, mwendo futi 710, mita 216 kwa sekunde. Hapa kilichopunguzwa sio mwendo tu, ni gesi yenyewe, kwa hiyo hata bila sailensa kwenye mtutu mrefu unasikia sauti kama ya bunduki ya upepo. Kampuni wanatangaza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 68 sikioni mwa mpigaji, na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu watu wanaichukua hiyo namba na kuilinganisha na desibeli 140 hivi za .22 ya kawaida au na 115 au 120 za .22 yenye sailensa, wanasema unaona, hii bila sailensa ni kimya kuliko ile yenye sailensa. Hapana. Mlio wa bunduki ni wa kufumba na kufumbua, kifaa cha kawaida cha kupimia sauti ni kizito, mlio unapita kabla hakijaamka, kinaandika wastani mdogo. Kifaa cha haraka kinachoshika kilele cha mlio kinaandika namba kubwa zaidi kwa mlio ule ule. Namba mbili za vifaa tofauti haziwekwi kwenye mizani moja. Na desibeli zenyewe haziongezeki kama shilingi, ukipanda 10 tu nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi, kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni kubwa mno sikioni.

Wamarekani wanaohusika na usalama kazini wameweka kilele cha desibeli 140 kwa milio ya ghafla kuwa kikomo, na kwa watoto Shirika la Afya Duniani limesema 120. .22 ya kawaida inacheza pale pale kwenye 140. Mimi nawavalisha wanangu vizibo hata tukitumia hizo za futi 710, kwa sababu vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena na hakuna namba ya kwenye boksi itakayonirudishia.

Chini zaidi kuna Aguila wa Meksiko wenye Colibri, kichwa cha greini 20 na hakuna baruti kabisa, inasukumwa na ile dawa ya kuwashia peke yake. Hiyo Colibri ya kawaida kiwanda chenyewe kinaonya usiiweke kwenye bunduki ndefu, kwa sababu nguvu yake ni ndogo kiasi kwamba risasi inaweza kuishia njiani ndani ya mtutu ikakwama. Wana nyingine imeongezewa nguvu kidogo, Super Colibri, hiyo ndiyo ya bunduki. Na hao hao Aguila wanatengeneza kitu cha upande mwingine, kichwa kizito cha greini 60 kwa futi 950, wazo ni zuri, ukikosa mwendo basi fidia kwa uzito, lakini kichwa kizito ni kirefu na kirefu kinahitaji kuzungushwa haraka zaidi ili kisimame angani. Mitutu mingi ya .22 ina mizunguko ya ndani inayoizungusha risasi mara moja kila inchi 16, hiyo haitoshi kwa greini 60, inahitaji kama inchi 9, kwa hiyo kwenye bunduki ya kawaida inaanza kubiringika hewani, ukiangalia karatasi unakuta tundu la ubavu kama tundu la ufunguo. Bila sailensa utakosa shabaha tu. Ukiwa na sailensa risasi inayobiringika inaweza kugonga kuta za ndani na kuiharibu, kwa hiyo jaribu kwenye karatasi kwanza ukiwa umeitoa.

Kelele ya tatu, ya vyuma, utaanza kuisikia siku ukishapunguza zile mbili. Bunduki inayojipakia yenyewe kama Ruger 10/22, iliyotoka 1964, bolti yake inasukumwa nyuma na nguvu ya ganda, inagonga, na gesi kidogo inatokea pembeni karibu na sikio lako. Ya bolti ya mkono inabaki imefungwa mpaka wewe uamue. Na zile za futi 710 kwenye inayojipakia hazina nguvu ya kusukuma bolti, utavuta kwa mkono kila mara, wengine wanadhani bunduki imeharibika kumbe risasi ndiyo ndogo. Sabsoniki za greini 40 zenye futi 1,050 nyingi zinaifanyia kazi vizuri, ila sio bunduki zote.

Ya nne, ya kufika, haina dawa na mimi naipenda. Kwa futi 710 kwenye mita 50 risasi inatumia karibu robo ya sekunde kufika, sauti ya kugonga inarudi sehemu ya saba ya sekunde baadaye, kwa hiyo unasikia puu ya kwako halafu ukimya kidogo halafu pa! ya kule. Mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, sikuwahi kujua risasi inachukua muda.

Lakini huo muda una gharama zake na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaozisifia bila kipimo. Risasi ya futi 1,070 ukiirekebisha igonge katikati kwenye yadi 50, kwenye yadi 100 inaanguka chini kama sentimita 18. Ile ya 710 inaanguka kama sentimita 45. Ukikosea umbali kwa yadi 10 tu umeshakosa mnyama, au mbaya zaidi umemjeruhi. Na nguvu, ya kwanza inatoka na jouli 138 hivi, ya pili 60. Nusu na chini ya hapo. Vile vichwa vyenye tundu kwenye ncha vimetengenezwa vifunguke vikigonga, na kwa mwendo mdogo vingi havifunguki, vinapita kama sindano, ndiyo maana CCI walitoa ya kimya ambayo kichwa chake kimekatwa tayari kigawanyike vipande vitatu. Mzee jirani yangu panya wa ghalani anawapiga na za kimya mita 15 au 20, sungura anayekula bustani anatumia sabsoniki ya futi 1,050 mpaka mita 50, na kwa rakuni, mnyama wa huku mkubwa kuliko sungura, hatumii yoyote kati ya hizo. Mimi nimeufuata mpango huo na sijaona sababu ya kuubadilisha.

Na kwa sababu sauti ni ndogo watu wanashika bunduki kama toi. Kwenye maboksi ya .22 kumeandikwa kwamba risasi ni ya hatari mpaka maili moja na nusu, karibu kilomita mbili na nusu. Za polepole hazifiki huko lakini zinaua, na risasi ya polepole yenye kichwa cha madini ya risasi ikigonga jiwe, maji au udongo mgumu wa barafu haivunjiki, inaruka na kwenda pengine. Tuta la udongo laini nyuma ya shabaha linahitajika kwa risasi ya kimya sawasawa na ya kelele. Mijini huku sehemu nyingi kufyatua risasi ndani ya mpaka wa mji ni kosa, iwe imesikika au haijasikika, jirani asiposikia haimaanishi umeruhusiwa.

Binamu, kuhusu sinema, ule mlio wa fyuu wa bastola yenye sailensa ni wa studio. Kitu cha karibu zaidi na hiyo nilichowahi kusikia ni bunduki ndefu ya bolti, sabsoniki, sailensa, siku ya joto, na hata hapo mbwa wa mzee aliyekuwa amelala barazani aliinua kichwa.

Siku hizi nikienda dukani siulizi tena kama ni sabsoniki. Nageuza boksi nasoma futi, nagawanya kwa 3.28 kupata mita, naangalia hali ya hewa kwenye simu. Kwa Januari nachukua ya 970, CCI wana moja ya greini 45 waliyoitengeneza kwa ajili ya bunduki zenye sailensa, hiyo ni mita 296, baridi ya huku haijawahi kuifikia. Na nikifyatua yoyote ya zile dhaifu halafu nikasikia puu bila pa, siipakii nyingine. Naitoa bolti, naangalia mwanga upande wa pili wa mtutu, kwa sababu risasi iliyokwama haionekani kwa nje na inayoifuata ndiyo inayopasua mtutu.